Tijara ya Uani: Historia ya Mama Wachuuzi wa Pwani na Watoto Wao

Katika habari za pwani zilizoandikwa, tijara inayotajwa aghalabu ni ile ya majahazi na misafara, ya pembe na karafuu, na mfanyaji biashara anayesifiwa ni mwanamume mwenye daftari, mizani na bohari. Tijara nyingine, iliyofanywa kila siku nyuma ya nyumba kwa rasilmali ya pishi moja ya mchele na nazi chache, ikalisha watu na kuvisha watoto kizazi baada ya kizazi, haikupata waandishi wengi. Na yamkini sababu ni kuwa mwenye kuifanya alikuwa na mtoto mgongoni, na watu hudhani kwamba mwenye mtoto mgongoni yumo katika malezi tu, hayumo katika biashara. Rai yangu ni kwamba mambo haya mawili hayakupata kutengana. Bidhaa aliyoichagua mama mchuuzi wa pwani, saa aliyoianza kazi, mahali alipokaa na mtu aliyemtuma kuuza, yote yalifuata haja za mtoto. Na kila zamani zilipogeuza moja katika hayo, mzigo uliozidi ulimwangukia yeye.

Yafaa kuanza na sheria, maana tijara yoyote hukaa juu ya milki. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyoongoza nyumba nyingi za pwani kwa karne kadhaa, mali ya mke ni mali yake, na masurufu ya nyumba, yaani chakula, mavazi na makazi, ni wajibu wa mume. Senti aliyoichuma mwanamke kwa jasho lake haikuwa lazima iingie chunguni. Angeweza kuiweka, kuinunulia kanga au kipuli, kuitia katika shamba la minazi au katika ujenzi wa nyumba. Na mama aliyetaka mfano wa kumtuliza moyo hakuutafuta mbali, kwani katika maulidi na katika chuo alisikia tangu utotoni habari za Bibi Khadija, mke wa Mtume, aliyekuwa tajiri wa misafara ya kwenda Shamu, na papo hapo mama wa watoto kina Zainabu, Rukia, Umu Kulthumu na Fatuma. Ni kweli kwamba katika maisha sheria na hali havikulingana siku zote: mume maskini hakuweza kutoa masurufu kamili, mume mkorofi hakutaka kuyatoa, na mtalaka aghalabu alirudi kwa wazazi wake na watoto wadogo na ahadi tupu. Hata hivyo haki ya kumiliki ilikuwapo, ikijulikana na kadhi na jirani, na juu ya haki hiyo biashara ndogo ilipata pa kusimama.

Lakini haki ya kumiliki ni jambo moja, na ruhusa ya kutoka nje ni jambo jingine. Wanawake wa kiungwana wa Lamu, Mombasa na Unguja walikaa utawani. Hawakuonekana sokoni wala njiani mchana. Bidhaa zao, kama vile maandazi, halua, mikeka na maua ya asumini, zilitembezwa na watumwa, na watoto wao wachanga walilelewa na mayaya waliokuwa watumwa vilevile. Katika mji wa Unguja palikuwa na watumwa vibarua, wanaume kwa wanawake, waliotoka asubuhi kutafuta kazi au kuchuuza na kurudi jioni na ijara, ambayo sehemu yake ilikuwa ya bwana au bibi. Basi utulivu wa bibi aliyeweza kushona na kulea bila haraka ulisimama juu ya taabu ya mama mwingine, ambaye yeye pia alikuwa na mtoto, na mtoto huyo hana historia anayotajwa ndani yake. Asemaye kwamba zamani malezi na kazi vilipatana vizuri na aulizwe kwanza ni malezi ya nani.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilikomeshwa kisheria mwaka 1897, ila masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya sheria ya namna hiyo ilitoka mwaka 1907. Mambo mawili yalifuata. Bibi wa utawani, asiye tena na mtu wa kumtuma, alilazimika ama kuacha biashara ama kumtuma mtoto wake mwenyewe. Na mama aliyepata uhuru, asiye na shamba wala jamaa, alihamia mjini, akapanga chumba katika mtaa wa Ng'ambo huko Unguja au katika mitaa mipya ya Mombasa, akatafuta kazi ambayo angeweza kuifanya bila kumwacha mwanawe. Masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa, yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa mwaka 1989, yanatuonyesha waungwana na wazao wa watumwa wakiishi katika mji mmoja, kila mmoja na kumbukumbu zake juu ya zamani zile. Na Unguja ilimtoa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa, akachuuza vyungu vya udongo kutoka shamba kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Watu wanamkumbuka kwa sauti yake, iliyotiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Lakini kabla ya sauti ile kununuliwa, ilikuwa ikinadi vyungu.

Hapo ndipo tijara ya uani ilipopata umbo lake. Na ili msomaji alione umbo hilo kwa karibu, na tutazame kazi moja, nayo ni upishi wa vitumbua.

Mchele huoshwa na kurowekwa tangu mchana. Jioni, watoto wakiisha kula, hutwangwa kinuni na kuchekechwa mpaka upatikane unga laini, kisha hukandwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, ukatiwa hamira. Na zamani wengine walitumia tembo la mnazi badala ya hamira. Bakuli hufunikwa, watu wakalala, unga ukaumuka. Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, mama huamka peke yake, akakoka moto, akakiteleka chuma chenye mashimo, akatia mafuta kidogo katika kila shimo, kisha upawa wa unga, na kila kitumbua kikishika rangi upande mmoja akakigeuza kwa kijiti. Saa kumi na mbili, sinia limekwisha kujaa na kufunikwa kawa, mafuta ya moto yameondolewa, na makaa yamefukiwa majivu. Saa ile ile mtoto mchanga anaamka. Mtu asiyejua angedhani kwamba vitumbua hupikwa alfajiri kwa ajili ya wanywaji chai peke yao, na kwa kweli wanywaji chai huvitaka. Lakini mama aliyewahi kuwa na mtoto wa kutambaa anajua sababu ya pili, ya kwamba moto na mafuta yanayochemka si vitu vya kuwa navyo uani wakati mtoto yu macho. Biashara ya mahamri na mbaazi za nazi ya Mombasa iliendeshwa kwa hesabu hiyo hiyo: kazi ya hatari ilifanywa mtoto akiwa usingizini, na kazi ya kuuza ikafanywa akiwa pajani.

Kwa saa zilizobaki za mchana palihitajiwa kazi ya namna nyingine, inayokubali kukatizwa. Ushonaji wa kofia ulikuwa wa namna hiyo. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, kikatobolewa vitundu vidogo kimoja kimoja, na kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja nzuri yaweza kuchukua majuma, hata miezi, na bei yake hupanda kwa ufundi wa mkono. Mtoto akilia, sindano huchomekwa palepale ilipofika, mama akanyonyesha, kisha akaendelea, na hakuna kilichoungua wala kuharibika. Ususi wa ukili ulikuwa vivyo hivyo: ukindu uliopakwa rangi husukwa ukawa ukanda mrefu, ukanda ukashonwa kuwa mkeka, kikapu au kawa, na mwenye kusuka aweza kuacha na kurudi mara ishirini kwa siku. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja wanawake walifukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufukweni na kuyaacha miezi kadhaa yalainike kwa maji ya chumvi, ndipo wakayafukua, wakayaponda na kusokota usumba. Waliosema kuwa kazi za wanawake zilikuwa nyepesi hawakuzitazama sawasawa. Zilikuwa nzito kama nyingine, ila zilichaguliwa kwa sharti ambalo kazi za wanaume hazikuwekewa.

Mahali pa kazi palisaidia. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya pwani katika karne ya 20 ina ukumbi katikati, vyumba kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na pengine kisima. Vyumba vile vilikaliwa na wapangaji mbalimbali, na ua ulikuwa wa wote. Huyu akikuna nazi, yule alifua. Huyu akienda gulioni, yule alibaki na watoto wa wote wawili, bila mkataba wala malipo, kwa kutumaini kwamba kesho zamu itageuka. Na mzazi hakuachwa peke yake. Siku arobaini za uzazi alikaa ndani, akakandwa maji ya moto na kulishwa uji wa pilipili manga, na sinia lake la vitumbua likachukuliwa na mama yake, dada yake au shoga yake ili wateja wasimsahau. Bibi mzaa mama alikuwa nguzo ya tijara hii kuliko mkopo wowote, na watoto wengi wa pwani walikulia mapajani mwa bibi zao huku mama zao wakisaka riziki. Wahenga wamesema mshika mawili moja humponyoka. Mama wa uani aliyashika mawili kwa kuwa mikono iliyoyashika ilikuwa mingi.

Fedha nayo ilikuwa na utaratibu wake. Wanawake kumi au zaidi waliocheza upatu walitoa kila mmoja kiasi kile kile kwa juma au kwa mwezi, na mmoja wao akapokea fungu zima kwa zamu. Fungu hilo lilinunua gunia la mchele kwa bei ya jumla, au lilimtia mtoto chuoni, au lilimtahiri. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kijumbe anayeaminiwa na aibu ya kushindwa kutoa mbele ya watu wa mtaa mmoja. Aghalabu mwenye msiba au mwenye kujifungua alipewa zamu ya mbele, jambo ambalo benki za wakati ule, zilizodai hati ya nyumba na saini ya mume, hazikulijua.

Hata hivyo tusiipambe tijara hii kupita haki yake. Mtu aliyebeba sinia mitaani, baada ya watumwa kuondoka, alikuwa mtoto. Mvulana au msichana wa miaka saba au minane alitoka na vitumbua vyake kabla ya chuo, akanadi mlango kwa mlango, akajifunza kuhesabu chenji kabla hajajifunza kuandika, na akirudi na hesabu pungufu alijua kinachomngoja. Kuna waliopata humo akili ya biashara ambayo shule haifundishi, nao husimulia kwa fahari. Kuna pia waliofika darasani wamechoka, au hawakufika. Na wasichana, wakikaribia kuvunja ungo, waliondolewa njiani na kutiwa ndani wawalee wadogo zao ili mama aendelee kupika, hata elimu yao ikaishia hapo. Mtoto ndiye aliyepanga biashara, na wakati mwingine mtoto ndiye aliyeilipa.

Katika miaka ya 1950 tijara hii ilionyesha nguvu ambayo wengi hawakuitarajia. Dar es Salaam ilikuwa na wanawake wengi waliojipatia maishilio kwa kuuza maandazi, kukaanga samaki, kupika pombe na kupangisha vyumba, nao walikutana katika vikundi vya ngoma na vya upatu. Chama cha TANU, kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, waajiriwa wa serikali walikwisha katazwa kuingia katika siasa, na wanaume wengi wenye mishahara wakaogopa kupoteza kazi. Mama muuza maandazi hakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kujulikana mjini kwa uimbaji wa ngoma, alipoingia TANU na kushika uongozi wa wanawake mwaka 1955, aliwafuata wenzake kupitia vikundi vile vile, nao wakanunua kadi kwa fedha zao wenyewe, wakahudhuria mikutano na kuwahamasisha wengine. Wanaosoma historia ya uhuru wa Tanganyika hulitaja hili kama ushujaa, na lilikuwa ushujaa. Lakini lilikuwa pia tunda la senti ambazo mwenyewe hakuhitaji kuziombea ruhusa.

Baada ya uhuru heshima hiyo haikudumu katika sheria za biashara. Azimio la Arusha la 1967 lilijenga nchi juu ya mkulima na mfanyakazi, na mchuuzi akawa hana kiti cha wazi. Kisha miaka ya 1970 ikaisha kwa vita na ukosefu wa bidhaa, na katika miaka ya 1980 mshahara wa mwezi haukuweza tena kulisha nyumba hata kwa majuma mawili. Ndipo wake wa makarani, wa walimu na wa wafanyakazi wa viwandani walipoanzisha kila mmoja mradi wake, huyu kuku, huyu barafu, huyu cherehani, na wengine wakatoka uani kwenda kando ya viwanda, bandari na vituo vya mabasi kupika ugali, wali na maharage. Hao ndio mama ntilie, ambao baadaye waliitwa mama lishe. Serikali ilipotunga Sheria ya Nguvukazi mwaka 1983 ili kuwapeleka wasio na kazi mashambani, mama hao walijikuta wakikimbizwa na masufuria yao pamoja na wale walioitwa wazururaji, ingawa walikuwa wakifanya kazi tangu alfajiri na ndio waliowalisha wafanyakazi wa mishahara. Miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985, ililegeza kamba. Bughudha za migambo wa mji hazikwisha.

Kutoka huko uani kulileta faida, kwa kuwa wateja walikuwa wengi zaidi. Lakini kuliondoa nguzo zote kwa mara moja. Chakula cha mchana hakipikwi mtoto akiwa usingizini. Moto unawaka saa zote, barabara ina magari, na jirani wa kubaki na mtoto yuko mbali. Bibi naye aliachwa kijijini au alikwisha fariki, na pahala pake pakachukuliwa na msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mikoani, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe ni mtoto. Jambo kama hilo lilionekana hata katika vijiji vya Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, na wakulima wengi wakawa wanawake. Mwani uliwapa fedha walizozitumia kujenga nyumba na kusomesha; lakini hulimwa maji yakitoka kwa bamvua, na bamvua haisubiri mtoto amalize kunyonya. Usumba ulimsubiri, mwani haumsubiri.

Sheria za siku hizi zimemwona mama mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Mama lishe, mshona kofia na mkulima wa mwani hawamo katika hesabu hiyo, maana likizo hutolewa na mwajiri, na wao ni waajiri wa nafsi zao. Siku arobaini za zamani, zilizobebwa na mama, dada na shoga, zimepungua kwao mpaka pengine zikawa kumi. Mwezi wa Disemba 2018 serikali ya Rais John Magufuli ilianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho akaambiwa hatasumbuliwa. Ilikuwa hatua ya kumtambua mchuuzi. Mtoto aliyekaa chini ya meza yake hakutajwa.

Historia hii inatupa hukumu moja iliyo wazi. Mama wa pwani hakushindwa kamwe na biashara kwa sababu ya mtoto. Alishindwa pale alipoondolewa mahali, saa na watu waliomwezesha kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo halmashauri inayojenga soko jipya, ikaweka vizimba, mizani, choo na ofisi ya mtoza ushuru, imesahau chumba kimoja, nacho ni chumba cha watoto, chenye kivuli, maji safi na mwangalizi anayelipwa kutokana na ushuru ule ule. Gharama yake ni ndogo mbele ya mapato ya soko zima. Basi, ewe diwani, na wewe mwenyekiti wa soko, mkikaa kupitisha ramani, ulizeni chumba hicho kiko wapi. Na kama hakimo, irudisheni ramani kwa aliyeichora.